Kiti, Cheo na Mgongo: Historia ya Kukaa Ofisini Mpanda

Meza tuliipokea kutoka kwa Wareno, dawati kutoka kwa Waarabu, ambao kwao neno hilo lilihusu kidau cha wino, na ofisi kutoka kwa Waingereza. Kiti peke yake ni chetu. Shina lake ni lilelile la "mti", na kiambishi ki- kinatuambia kwamba tunazungumzia kipande kidogo cha mti. Lakini tazama kile ambacho siasa zetu zilikifanyia kipande hicho. Anayeongoza kikao hatukumwita msemaji wala mpatanishi. Tulimwita mwenyekiti, yaani mwenye kukimiliki kiti. Waliosalia kikaoni wanakaa pia, lakini lugha haikuona sababu ya kuwapa jina kwa ajili hiyo.

Dhana hii haikuletwa na ukoloni. Katika jumba la makumbusho ya ethnolojia la Berlin kipo kiti cha mtawala wa Kinyamwezi chenye egemeo refu, na nyuma ya egemeo hilo imechongwa sura ya mtu. Huko Unyamwezi, jirani zetu wa kaskazini, watu wa kawaida walikalia vigoda vifupi au mikeka. Egemeo lilikuwa la mwenye mamlaka. Katika lugha ya leo tungesema kwamba kupumzisha mgongo ilikuwa stahiki ya cheo.

Utawala wa Waingereza uliikuta mantiki hiyo na kuiandikia kanuni. Idara ya Kazi za Umma, ile iliyojulikana kwa herufi PWD, ndiyo iliyotengeneza na kugawa samani za serikali, na mgawo ulifuata daraja la mtumishi. Mpanda ilipoanza kuwa mji kutokana na machimbo ya madini ya risasi ya Uruwira Minerals, na tawi la reli la kilomita 210 hivi kutoka Kaliua lilipokamilika mwaka 1950, kwa treni hiyo zilikuja pia kazi za mezani: vitabu vya mishahara, hati za mizigo, daftari la stesheni. Karani aliyeinamia kazi hizo kutwa nzima aliutumia mgongo wake kuliko bwana mkubwa aliyekuja kutia saini. Hata hivyo, kwa kipimo cha daraja, bwana mkubwa ndiye aliyestahili kiti kizuri.

Machimbo yalifungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na pamoja na abiria na nafaka ikabeba mbao. Misitu ya miombo ya Katavi ina mninga, mti ambao seremala yeyote wa nchi hii anauheshimu, na ina mkurungu, ndugu yake mwenye moyo mwekundu. Huu wa pili umetafutwa mno na soko la samani za kifahari la China, kiasi kwamba mwaka 2019 uliingizwa katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Wakati huohuo viti vingi vya kuzunguka katika ofisi zetu, vyenye magurudumu ya plastiki na sponji linalobonyea mapema, vinatoka China hiyohiyo. Mti wetu unakwenda kuwa kiti cha heshima sebuleni kwa mtu mwingine, nasi tunanunua plastiki. Wachumi wana majina yao kwa biashara ya namna hii. Mimi nitaishia kuuliza ni nani aliyeona inafaa.

Mwaka 2012 Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa, ilipatikana nafasi adimu: mkoa mzima unaanzisha ofisi mpya, katikati ya msitu wa mbao bora, penye mafundi. Miaka minne baadaye ikaja kampeni ya madawati. Rais Magufuli aliwapa viongozi wa mikoa na wilaya hadi mwisho wa Juni 2016 kuhakikisha hakuna mwanafunzi anayekaa chini, na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 kutokana na fedha lilizobana katika matumizi yake. Ilikuwa kazi njema, na mtoto aliyeinuliwa kutoka sakafuni hawezi kuibeza. Ila swali lililotawala lilikuwa la idadi: yamepungua mangapi, yametengenezwa mangapi. Kimo cha mtoto hakikuwa na safu yake katika ripoti tulizosomewa.

Kimo ndicho kiini cha jambo hili. Daktari Åkerblom wa Sweden aliandika mwaka 1948 kuhusu namna mwili unavyosimama na kukaa, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakirudia kanuni moja: kiti kipimwe kwa mwili. Meza ya kawaida ya ofisi ina urefu wa sentimita 75, na kiti kisichorekebishika kina 45. Mwanamke wa kimo cha wastani nchini kwetu, sentimita 156 hivi, anahitaji kiti cha takribani sentimita 40 ili nyayo zake zitue sakafuni. Akikaa hivyo, viwiko vyake vinakuwa sentimita 63 hivi kutoka chini. Meza inamzidi kwa zaidi ya sentimita 10. Ama apandishe mabega kutwa nzima, ama apandishe kiti na kuacha miguu ikining'inia, ukingo wa kiti ukimkata damu chini ya mapaja. Kisha tunashangaa mhasibu wa halmashauri akilalamikia shingo kabla hajatimiza miaka arobaini.

Kwa asiye na uwezo wa kubadili samani, hesabu inaanzia kwenye viwiko. Kiti kipandishwe, au kiwekewe mto mgumu, hadi viwiko vilingane na meza. Miguu iliyoachwa hewani iwekewe kreti au matofali mawili. Kitambaa kilichokunjwa kijaze uwazi wa kiunoni. Kompyuta mpakato iinuliwe kwa rimu za karatasi hadi ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho, na kibodi ya pembeni ibaki chini kwenye meza. Halafu mtu ainuke kila nusu saa, kwani hakuna mkao unaovumilika siku nzima.

Njia fupi zaidi ingekuwa kumwita seremala wa mtaani akate miguu ya meza kwa sentimita 12. Ni kazi isiyofika saa moja. Lakini meza hiyo ina namba ya usajili iliyoandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni, ni mali ya serikali, na anayeikata bila kibali atatakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini ameiharibu. Maelezo hayo atayaandikia juu ya meza ya sentimita 75.