Mashimo ya Hyrax Hill: Nani Aliulizwa?

Watu wangu wa Nax, leo tuongee kuhusu Hyrax Hill. Kutoka huku Milimani si mbali, iko kando tu ya barabara ya Nairobi. Wengi wetu tunaijua kwa tripu za shule: panga laini, usiguse, andika notsi, rudi kwa basi.

Lakini pale kuna stori tamu sana. Mary Leakey alichimba hicho kilima 1937 na 1938. Kulikuwa na mashimo mapana ya duara kwenye mteremko, na yeye akayaelewa kuwa makao ya watu. Mwaka 1943 kilima kikatangazwa kuwa mnara wa kitaifa, na 1965 makumbusho yakafunguliwa. Miaka mingi baadaye, mwanaakiolojia John Sutton akachunguza tena, na jibu likabadilika: yale yalikuwa mazizi ya ng'ombe! Nyumba zilijengwa ubavuni, na samadi ilitupwa nje, upande wa chini.

Sasa tulia hapo kidogo. Katika masimulizi ya Wakalenjin, mashimo ya aina hiyo ni ya Wasirikwa, wafugaji waliowatangulia. Yaani sehemu ya jibu ilikuwa midomoni mwa watu wa hapa hapa. Na mtoto aliyekua akifagia zizi angeuliza mapema: kama hii ni nyumba, mbona imekaa kama boma la ng'ombe?

Ndiyo maana nasema kuwaita vijana tofauti wakague maonyesho ya sayansi si kuwafurahisha tu. Kila mtu huona kitu ambacho mwenzake hakioni. San Francisco kuna Exploratorium, iliyofunguliwa 1969, na tangu mwanzo iliajiri vijana wa sekondari kuwaelekeza wageni. Kijana akisimama karibu na kifaa siku nzima, anajua watu wanachanganyikiwa wapi kuliko hata aliyekitengeneza.

Hapa kwetu, sauti kubwa huwa za wakubwa. Mwaka 2006 viongozi wa makanisa na wanasayansi walivutana kuhusu mifupa ya Mvulana wa Turkana, ile iliyopatikana na Kamoya Kimeu 1984. Wazee wakibishana juu ya mtoto!

Pendekezo langu ni rahisi. Kabla bango jipya halijachapishwa, liandikwe kwa kadibodi kwanza. Walete vijana wa Kaptembwo, Bondeni, Rhonda na Milimani, akiwemo kiziwi, anayetumia kiti cha magurudumu, na yule aliyeacha shule. Walipe nauli. Waulize mambo matatu: umeelewa nini, umeboeka wapi, na nini hakipo? Halafu bango libadilishwe kweli, wala si kupiga picha tu na kuwapa soda.

Kama mwanasayansi anaweza kurudi kwa shimo na kubadilisha jibu, basi hata bango linaweza kuandikwa upya.

Wewe ungeandika nini?