NGOME INAYOJENGWA MBELE YA NDUGU

Luka 19:43 inataja boma ambalo adui hujenga ili kuuzingira mji. Leo nataka uone boma la namna hiyo lililojengwa na ndugu.

Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza alifariki mwaka 1135. Mabwana wakubwa walikuwa wamekula kiapo kwamba binti yake, Matilda, ndiye atakayemrithi. Stephen, mtoto wa shangazi yake Matilda, alikuwa mmoja wa walioapa. Na ndiye huyo huyo aliyekimbilia kiti! Kiapo kikavunjwa, nchi ikaingia katika taabu ya karibu miaka 18.

Ngome ya Wallingford, kando ya Mto Thames, ilisimama na Matilda. Mwaka 1139 Stephen akaizingira, akakuta kuta zake ni imara. Akafanya nini? Akajenga ngome yake mwenyewe ng'ambo ya mto, mahali paitwapo Crowmarsh. Sikia hapa mpendwa: ngome ya kawaida hulinda watu. Ngome ya kuzingira hujengwa haraka, kwa udongo na mbao, ili chakula kisipite na walio ndani washindwe kwa njaa.

Wallingford haikuanguka. Stephen alirudi miaka ya baadaye, akajenga tena.

Mwaka 1153 Henry, mwana wa Matilda, akaja na jeshi. Majeshi yakatazamana, lakini mabwana wa pande zote mbili wakakataa kupigana. Wakawasukuma wakubwa wao wazungumze. Ikakubaliwa ngome ya Crowmarsh ibomolewe. Mwezi wa Novemba, kule Winchester, wakapatana: Stephen atawale hadi kufa, kisha Henry amrithi. Stephen alipofariki mwaka 1154, Henry alitawazwa bila vita.

Wanaakiolojia wamechimba Crowmarsh na kukuta mitaro inayodhaniwa kuwa ya ngome hizo. Husema "huenda", kwa sababu udongo ukisawazishwa na mbao zikioza, hubaki mitaro iliyofukiwa tu.

Mpendwa, kuna ndugu uliyemzingira? Hamsalimiani kwa sababu ya shamba au urithi, na kila mmoja anangoja mwenzake achoke kwanza? Stephen alingoja miaka 14 na mlango haukufunguka. Amani ilianza siku alipokubali kubomoa alichojenga.

Mpigie simu leo.