Uzamili wa elimu ya jinai: Andiko la utafiti ndilo huamua

POLISI, wanasheria na maofisa ustawi wa jamii ni miongoni mwa wanaovutiwa na shahada ya uzamili ya elimu ya jinai, yaani kriminolojia. Baadhi yao hudhani ni masomo ya upelelezi. Sivyo. Fani hiyo haifundishi kumkamata mwizi, bali huchunguza kwa nini wizi hutokea, nani huitwa mhalifu na adhabu huzaa matokeo gani.

Mwombaji asitafute jina la shahada pekee. Uhalifu huweza kutafitiwa pia katika uzamili wa sheria au wa sosholojia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza Oktoba 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani na Kariakoo. Nje ya nchi, taasisi ya kriminolojia ya Cambridge, Uingereza, ilianzishwa mwaka 1959.

Kwa kawaida vyuo hudai shahada ya kwanza yenye ufaulu mzuri, nakala ya matokeo na barua za wahadhiri wanaomfahamu mwombaji. Aliyesoma nje hupeleka shahada yake Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) itambuliwe. Majina yanayotofautiana katika vyeti yarekebishwe kisheria mapema, si siku ya mwisho ukiwa kwenye foleni ya kudurufu.

Hata hivyo, penye andiko la utafiti ndipo penye kazi. Mada kama "Uhalifu Dar es Salaam" haina mwanzo wala mwisho. Afadhali kuuliza ni lini mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo aliyeibiwa huenda Kituo cha Polisi Msimbazi, na ni lini humalizana na mwizi papo hapo. Swali hilo lina mahali, watu na uamuzi unaoweza kuchunguzwa. Pia lina historia: sungusungu walioibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyowaandama waliohesabiwa kuwa wazururaji mijini. Kitabu cha Andrew Burton cha mwaka 2005 kuhusu uhalifu na utawala wa kikoloni Dar es Salaam ni cha kusomwa kabla ya kuandika.

Andiko lieleze pia taarifa zitapatikanaje. Majalada ya polisi na magereza hayafunguliwi bila kibali, na anayesimulia kosa alilotenda huweza kujiponza. Andiko lisiloonyesha jinsi majina yatakavyofichwa halistahili kupita.

Kuhusu ada, ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na mnufaika hutakiwa kurejea nyumbani kwa angalau miaka miwili. Mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri wake kabla ya kuthibitisha nafasi.