Vikombe vya Fedha vya Japani

Mnamo mwaka 1963 serikali ya Japani ilianza kumtunukia kikombe cha fedha kila mzee aliyetimiza miaka 100. Wazee hao walikuwa 153 tu katika nchi nzima. Mwaka 1998 walizidi 10,000. Mwaka 2012 walizidi 50,000. Gharama ikalemea, hata mwaka 2016 vikombe vikaanza kupakwa fedha kwa juu tu.

Kosa si la wazee. Nani asiyeomba maisha marefu? Waliopungua ni watoto. Mwaka 1947 walizaliwa zaidi ya milioni 2.6, mwaka 2023 hawakufika 730,000. Shule nyingi za vijijini zimefungwa, na tangu mwaka 2008 vijana wa Indonesia huvuka bahari kwenda kuwalisha na kuwaosha wazee wasio wao.