Kwa Nini Busaa Haikuwahi Kuingia Kwenye Chupa

Wasee, leo tuongee kuhusu chupa. Nina hoja moja na nitaitetea hadi mwisho: kwa karibu miaka mia moja hapa Kenya, kilichoamua nani ni mnywaji wa heshima na nani ni mhalifu ni kioo na kifuniko cha bati. Kilichokuwa ndani kilihesabika kidogo sana.

Tuanzie Bungoma. Unga wa mahindi unakandwa na maji, unaachwa siku kadhaa uchachuke, halafu unakaangwa juu ya bati hadi uwe kahawia na harufu ianze kuita majirani. Unachanganywa na maji pamoja na kimea, yaani wimbi iliyooteshwa, ikaanikwa, ikasagwa. Siku mbili tatu hivi, busaa iko tayari. Hakuna anayekimbia dukani kununua hamira, kimea kinakuja na chachu yake. Inanyweka ikiwa vuguvugu, wazee wakizunguka chungu kimoja, kila mtu na lusekhe lake, ule mrija mrefu wenye kichujio kwenye ncha.

Na hii kazi ni ya akina mama. Kukhu wangu aliwasomesha watoto wake kwa busaa. Karo, sare, vitabu, yote yalitoka kwenye ule mtungi. Na kila aliposikia askari wako njiani, alimwaga. Fikiria kumwaga karo ya muhula mzima kwenye shamba la ndizi.

Sasa, kwa nini hakuitia tu kwenye chupa akaiuza kama wengine? Hapa ndipo sayansi inaingia, na ni tamu. Busaa inanyweka ikiwa bado hai. Chachu bado inakula sukari na kutoa gesi. Ukiiziba kwenye chupa, gesi inakosa njia, na chupa inapasuka kama guruneti.

Cha kuchekesha ni kwamba anayetengeneza bia ya chupa nyumbani, kule ambako sheria inamruhusu, anatumia gesi hiyo hiyo. Anasubiri chachu imalize sukari yote mpaka bia itulie, ikose povu kabisa. Halafu anarudisha sukari kidogo, kwa kipimo: gramu 6 au 7 kwa lita. Kwa pipa lake la kwanza la lita 20, hiyo ni kama gramu 120 hadi 140, chini ya robo kilo ya sukari ya kawaida. Anaichemsha na maji kidogo, anaipoza, anaichanganya polepole, anajaza chupa na kufunga vifuniko. Chachu iliyobaki inaamka, inakula ile sukari, na gesi inayeyuka ndani ya bia. Wiki mbili mahali penye joto, unapata povu. Kwa Kitale, karibu mita 1,900 juu ya bahari na usiku wake wa baridi, ongeza siku kadhaa. Akitia sukari maradufu kwa sababu ana haraka, ataokota vioo.

Kwa hivyo tofauti kati ya chungu cha kukhu na chupa ya baa ni mizani, subira na kifuniko. Kifuniko chenyewe kilipata hataza mwaka 1892, kazi ya William Painter wa Baltimore, Marekani. Na hapo linakuja swali la historia: nani aliruhusiwa kukitumia?

Kenya Breweries ilianza 1922. Mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na ndiyo maana ile bia inaitwa Tusker. Wakati huo huo Trans-Nzoia ilikuwa inagawiwa masetla waliotoka Vita Kuu ya Kwanza. Reli ilifika Kitale 1926. Ilikuja kubeba mahindi, lakini gari moshi halirudi tupu, si ndiyo? Chupa zingeweza kupanda nalo. Mtu aliyepalilia yale mahindi hakuruhusiwa kunywa bia ya chupa. Marufuku hiyo kwa Waafrika ilidumu hadi miaka ya 1940. Pombe yake mwenyewe nayo iliwekewa vibali na misako. Na kule Nairobi, manispaa iliyosumbua wapishi wa pombe ilikuwa na klabu yake Pumwani, ikiwauzia Waafrika pombe ya kienyeji na kuweka faida mfukoni. Yaani shida haikuwa ulevi. Shida ilikuwa doo zinaenda kwa nani.

Uhuru ukaja, mtungi ukabaki na kesi. Chini ya Moi, vilabu vya busaa vilifungwa, na 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Sheria ya vileo ya 2010, ile tunaita ya Mututho, iliifuta hiyo. Chang'aa ikawa halali, mradi uwe na leseni na uifungashe kwenye chupa ya kioo. Chupa tena! Mama wa Bungoma atoe wapi mtaji wa kiwanda?

Najua mtaniambia kuhusu watu waliopofuka. Ni kweli, Mei 2014 methanoli iliua makumi ya watu. Lakini methanoli ya kiwandani haitoki kwenye wimbi. Kuna mtu aliitia, na baadhi ya vile vinywaji vilikuwa vimefungashwa vizuri, na lebo juu. Na sisemi busaa haijavunja nyumba. Imevunja, kama Tusker ilivyovunja.

Zimbabwe wenyewe walishaamua. Chibuku, pombe nzito ya nafaka inayofanana na yetu, ina toleo la Chibuku Super: imechemshwa kuua chachu, ikatiwa gesi, ikafungwa kwenye chupa ya plastiki inayokaa dukani kwa wiki kadhaa. Kumbe inawezekana.

Huku kwetu, mwaka shufwa ukifika, mvulana wa Kibukusu anayejiandaa kutahiriwa Agosti humwaga maji kwenye unga wa busaa. Wanaiita khuchukhila, na bila hiyo sherehe haianzi. Katika moja niliyohudhuria, chifu alikuwa amekaa pale mbele kabisa, lusekhe mkononi.