Kiraka na Jina: Tarihi Fupi ya Mafundi wa Kariakoo

Wahenga walituusia: usitupe mbachao kwa msala upitao. Aghalabu tunaitumia mithali hii katika mambo ya ndoa na usuhuba, tukasahau kwamba ilianza na kitu cha kushikwa kwa mkono: jamvi kuukuu ambalo mwenyewe anajua lilipotoboka, na bado analala juu yake. Watu wa pwani hawakuwa watupaji. Kitu kilipochakaa kilibadilishwa kazi, na kilipobadilishwa kazi kilipewa jina jipya. Mambo hayo mawili, kiraka na jina, ndiyo ninayotaka kuyazungumza hapa, na mahali nitakapoyatazamia ni Kariakoo, mjini Dar es Salaam.

Tuanze na jina la mahali penyewe. Wajerumani walijenga jengo la soko pale kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na vita vilipoanza mwaka 1914 mipango yao ikapinduka. Waingereza waliuteka mji tarehe 4 Septemba 1916, na mahali pale pakawa kambi ya wapagazi wao wa kijeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 inamwonyesha mwenye bunduki. Mwenye mzigo ametajwa katika maandishi ya chini tu. Ukumbusho mkubwa wa wapagazi basi si wa shaba, ni neno. Watu walilichukua jina la kigeni, wakalikata pembe, wakalitia irabu, wakalivaa: Kariakoo. Ndugu zetu wa Nairobi walifanya vivyo hivyo, nao wana Kariokor yao, soko mashuhuri kwa vyondo na kazi za mikono. Ama kwa hakika, soko hili kabla halijauza kiraka chochote, lenyewe lilikwisha kuwa kiraka cha lugha.

Tusidhani ufundi huu ni uzushi wa jana. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan, kitambaa cha pamba cha Kimarekani kilienea pwani nzima, nasi tukakiita merikani. Kikitiwa nili kiligeuka kaniki. Kisha husimuliwa kwamba wanawake wa Unguja na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, walinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa, wakakata tatu tatu, wakaunganisha safu mbili kwa sindano, wakajifunga vazi la leso sita. Wafanyabiashara walipoona mshono huo unapendwa, waliagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mtindo huo, na ndiyo kanga tunayoijua. Leo anayepita Mtaa wa Uhuru, ambao wazee waliuita Kichwele, hukuta kanga zimepangwa madukani hadi darini. Je, ni wangapi kati yetu wanaokumbuka kwamba vazi hili lenye heshima ya harusi na msiba lilianza kwa mwanamke mwenye sindano, aliyeona kwamba vipande vikiunganishwa vinapata maana ambayo kila kimoja peke yake hakina? Mwanamke huyo jina lake hatunalo. Majina tuliyoyahifadhi ni ya wenye maduka.

Kariakoo nayo ilijengwa kwa moyo huohuo. Nyumba za Kiswahili zilizojaa katika mitaa yake iliyonyooka zilikuwa za miti na udongo, na madebe ya mafuta ya taa, yakishapasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, yaliezeka mapaa mengi. Debe ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi likiwa chombo. Hapa likawa kipimo cha nafaka, likawa paa, likawa ngoma ya watoto. Kopo dogo zaidi likawa kibatari. Nami ni mmoja wa waliojifunza kusoma mbele ya kibatari cha kopo la maziwa, na moshi wake naukumbuka puani kila niionapo herufi ndogo.

Hata hivyo sitaki kuipamba dhiki. Ufundi huu ulistawi zaidi tulipokosa vitu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, baada ya Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, maduka yalibaki na rafu tupu, na kiatu kikawa kitu cha foleni. Ndipo makatambuga yalipotawala. Jina lenyewe ni shairi la maneno mawili: kiatu kinachokata mbuga. Soli yake ni mpira wa gari uliokwisha safari, na kanda zake ni mpira wa ndani. Fundi hulowesha kisu kwa maji ili mpira usikishike, hupima mguu kwa kuusimamisha juu ya kipande, huchora, hukata, hutoboa, hugongomea.

Na hapa ndipo penye uchungu wa kisa changu. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Ilikusudiwa kwamba kila mwenye uwezo afanye kazi. Lakini mjini Dar es Salaam misako yake iliwakumba pia wachuuzi na mafundi wasiokuwa na vitambulisho, wakahesabiwa wazururaji, wengine wakasafirishwa hadi vijijini. Mtu ameinamia mpira tangu alfajiri, viganja vyake vimejaa sugu, naye anaitwa asiye na kazi! Sisi tunaofanya biashara ya maneno twajua kwamba jina linaweza kumfunga mtu kabla pingu haijamfikia.

Mwaka uliofuata mambo yalianza kulegea. Waliokuwa na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na nguo kuukuu ambazo awali zilikatazwa ziliingia kwa marobota. Watu waliziita kafa ulaya, kana kwamba kila shati lilikuwa mirathi ya marehemu asiyejulikana. Baadaye likashinda jina la mitumba, yaani mafurushi. Wapo wanaosema mitumba iliviua viwanda vyetu vya nguo, na hoja yao ina uzito, ijapokuwa viwanda hivyo vilikuwa na maradhi yake. Nchi za Afrika Mashariki ziliazimia mwaka 2016 kuiondoa pole pole. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za biashara, na kufikia 2018 Rwanda pekee ndiyo iliyosimama na azimio hilo. Lakini hebu tazama barazani, kwenye cherehani. Suruali ya jinzi iliyochanika magoti inakuwa mkoba; mashati matatu yanakuwa gauni moja la mtoto. Marehemu wa Ulaya amefufuliwa Kariakoo.

Ufundi wa namna hii haukukaa katika vitu vya matumizi tu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyepata kuwa kibarua wa mkonge Tanga, alianza kuchora mjini Dar es Salaam karibu na mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua mbao nyembamba za kuezekea dari na rangi za mafuta zilizokusudiwa baiskeli, akauza picha zake nje ya duka huko Oysterbay. Mng'ao ambao wageni wameusifu kwa zaidi ya nusu karne ni mng'ao wa baiskeli. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Hata yeye basi alikufa kwa kuitwa jina lisilo lake. Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na ushirika wao. Picha zao sasa zinafahamika duniani. Wengi wa wanaozitundika ukutani hawajui kwamba Tingatinga alikuwa mtu.

Majuzi nilivuka bahari kutoka Unguja, nikatembea kwa miguu kutoka bandarini, nikapita Mnazi Mmoja hadi Kariakoo kutafuta makatambuga. Soko kuu, lile la mwaka 1975 lililosanifiwa na Beda Amuli kwa miavuli yake ya zege, liliungua tarehe 10 Julai 2021. Na Oktoba ya mwaka huohuo wamachinga waliondolewa mabarabarani, ingawa wengi walikuwa na vitambulisho vilivyotolewa tangu Desemba 2018 kwa shilingi 20,000. Nilimpata mzee mmoja kichochoroni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu." Akaitika marahaba bila kuinua macho. Nikamuuliza kwa nini mafundi wamepungua.

"Mpira wa siku hizi una waya ndani," akasema. "Kisu kinalia. Wa zamani ulikuwa na nyuzi, ulikatika kama muhogo."

Nilimwambia kwamba viatu kama vyake nimeviona katika duka la watalii, bei yake mara sita, na kibandiko kinachosema kwamba vinaokoa mazingira. Akacheka. "Mimi nilikuwa naokoa watoto wangu. Na hicho kibandiko, kimeandikwa jina la nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu kiliandikwa jina la duka.

Ndiyo hoja yangu, msomaji mwenzangu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, imekuwa fasheni kuwasifu wanaoshona mikoba ya viroba na kusuka mapambo ya makopo. Sifa hiyo ni njema, lakini ni jina jingine tu lililotoka nje. Mkono uleule ulioitwa mzururaji mwaka 1983 leo unaitwa mtunza mazingira, na mara zote mbili mwenye mkono hakuulizwa. Tumezihifadhi beti za washairi wetu pamoja na majina yao, na mshairi alipohofia kuibiwa alilitia jina lake katika ubeti wa tamati. Fundi hana ubeti wa tamati. Tukinunua kwake, basi walau tumuulize jina, tuliandike pamoja na mwaka na mtaa, kabla kisu hakijashindwa na waya.

Yule mzee nilimuuliza. Alinitajia, nami nimeliandika daftarini. Hapa silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Nitarudi kumwomba.