Washington, 1864: Mizinga Tele, Wapigaji Haba

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza Aprili 1861, mji mkuu wenyewe, Washington, ulikuwa mdomoni mwa adui. Ng'ambo ya mto Potomac ilikuwa Virginia, iliyojitenga na Muungano na kuwa upande wa Kusini. Pande nyingine zote ilikuwa Maryland, jimbo lililoruhusu utumwa. Tarehe 19 Aprili, askari wa Massachusetts waliokuwa njiani kuulinda mji walishambuliwa na umati Baltimore. Madaraja ya reli yakachomwa, nyaya za telegrafu zikakatwa, na Rais Abraham Lincoln akasubiri hadi tarehe 25 ndipo Rejimenti ya 7 ya New York ilipoingia.

Usiku wa kuamkia 24 Mei, jeshi la Muungano lilivuka mto na kushika Alexandria na vilima vya Arlington. Ngome za udongo zikaanza kuinuka. Baada ya Muungano kushindwa vibaya kwenye mapigano ya Bull Run mwezi Julai, Jenerali George McClellan aliletwa kulijenga jeshi upya, na mhandisi John G. Barnard akapewa kazi ya kuuzungushia mji ngome. Kufikia mwisho wa vita zilikuwa 68, zenye mizinga zaidi ya 800, zikiunganishwa na mahandaki yenye urefu wa kilomita 32 hivi. Waliochimba ni askari, vibarua, na watu Weusi waliotoroka utumwa. Ili kupanua ngome iliyokuja kuitwa Fort Stevens, nyumba ya Elizabeth Thomas, mwanamke Mweusi huru, ilibomolewa.

Lakini ngome hazijilindi. Mwishoni mwa 1862 tume ya kijeshi ilipiga hesabu ya watu waliohitajika: askari wa miguu 25,000, wapigamizinga 9,000 na wapandafarasi 3,000, mbali na jeshi jingine la 25,000 la kutoka nje kumkabili adui. Tume ilisisitiza kwamba wapigamizinga wasihamishwehamishwe, maana mpigaji hulenga vizuri anapoyajua mabonde na barabara zilizo mbele ya mzinga wake. Februari 1863 walinzi wote wakawekwa chini ya kamandi moja, Kikosi Kikuu cha 22.

Mvutano ulikuwa hapo: kila askari aliyebaki ngomeni alikuwa pungufu uwanja wa vita. Mwaka 1862 McClellan alipolipeleka jeshi kushambulia Richmond, mji mkuu wa Kusini, Lincoln aligundua kwamba mji umeachiwa walinzi wasiofika 20,000, wengi wakiwa wageni wa kazi, akazuia kikosi cha Jenerali Irvin McDowell kisiondoke. McClellan alimlaumu kwa hilo. Mimi naona Lincoln alikuwa na haki. Mji mkuu ungetekwa hata kwa siku mbili, Uingereza na Ufaransa zingepata kisingizio cha kuitambua serikali ya Kusini.

Mwaka 1864 Jenerali Ulysses Grant, mkuu wa majeshi ya Muungano, alichagua njia nyingine. Alizitoa rejimenti za mizinga mizito ngomeni, akazipeleka Virginia kupigana kwa miguu. Jenerali Jubal Early wa Kusini akaipata nafasi. Akiwa na watu wapatao 14,000 alishuka bonde la Shenandoah, akavuka hadi Maryland. Tarehe 9 Julai, kwenye mto Monocacy, Jenerali Lew Wallace wa Muungano alimkabili na watu wasiofika 6,000. Wallace alishindwa, ila alimchelewesha siku nzima. Siku hiyo moja ilikuwa na thamani kuliko ngome kadhaa.

Early alipofika mbele ya Fort Stevens tarehe 11, watu wake wakiwa hoi kwa joto, ngomeni walikuwamo majeruhi waliopona nusu, wanamgambo wa Ohio wa siku 100 na makarani wa ghala la jeshi waliopewa bunduki. Alasiri hiyohiyo Kikosi Kikuu cha 6 cha Grant kilishuka melini kwenye gati za Potomac. Kesho yake Lincoln alisimama ukutani risasi zikipita, na daktari aliyekuwa karibu naye akajeruhiwa. Usiku Early akaondoka.

Grant hakuzirudisha rejimenti zile ngomeni. Agosti alimtuma Jenerali Philip Sheridan na jeshi kamili kulifunga bonde la Shenandoah, na tarehe 19 Oktoba, Cedar Creek, jeshi la Early likavunjwa nguvu.